Meno ya Kaure ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya alicheka kwa mkono. Ukimwambia jambo la kuchekesha, kabla sauti haijamtoka, kiganja cha kulia kilikuwa kimeshapanda na kutua juu ya mdomo, na kicheko kikabaki machoni na mabegani tu. Wageni walidhani ni adabu. Sisi wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, tulijua kwamba nyuma ya kile kiganja kulikuwa na meno manne ya mbele, ya juu, yaliyovunjika mshazari kama ukingo wa kikombe kilichoanguka, na moja kati ya hayo lilikuwa limekufa na kuwa jeusi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala nani alimzaa. Yeye mwenyewe hakuyapenda maswali hayo, na mwishowe aliulizwa kupita kiasi. Nilimjua tangu nina miaka kumi, tulipofika kutoka Kivu Kusini mwishoni mwa miaka ya tisini na kupewa kiwanja jirani na chake, hadi mwaka 2015 nilipomwona mara ya mwisho. Na niseme mapema, nisije nikaonekana ninazunguka: kilichompata mdomoni mara ya kwanza kililetwa na watu wabaya. Cha mara ya pili nilikileta mimi, tena kwa mapenzi mema.

Kwaya yake ilikuwa na watu ishirini na kitu, wakulima wa mahindi na maharage, wauza sabuni na chumvi, na sisi wasichana wa shule. Kinanda hatukuwa nacho. Alikuwa na kikombe cha bati cha rangi ya buluu, kimetoboka chini, akikigonga kwa kijiko na kusikiliza huku amefumba jicho moja. Kisha anagawa sauti: "Soprano, mukamate hapa. Babaritoni, munashuka chini kidogo, mutulie." Mimi katika kikombe kile sikuwahi kusikia kitu zaidi ya bati, lakini yeye alisikia, na wimbo ulikaa sawa.

Kosa kubwa mbele yake lilikuwa kuimba mdomo nusu. Kuchelewa alisamehe, kusahau maneno alisamehe. Mdomo nusu hapana.

"Mufungule kinywa! Wimbo haitoke mu tundu ya ufunguo! Munionyeshe mpaka fasi chakula inapitia!"

Alipita mbele yetu mmoja mmoja akitukagua makoo. Lakini zamu yake ya kutuonyesha ilipofika, aliinua kitabu cha nyimbo hadi chini ya macho na kuimba nyuma yake, na ile tenor yake nzuri ikatufikia kupitia karatasi. Siku moja mama mmoja wa sauti ya pili, mwenye mdomo mwepesi, akamtania: "Mwalimu, na ninyi mufungule basi tuone." Tukaangua kicheko kwaya nzima. Yeye akafunga kitabu, akatia kijiko ndani ya kikombe, akasema mazoezi yamekwisha. Jua lilikuwa bado kali na tulikuwa tumeimba ubeti mmoja. Hakuja wiki mbili. Aliporudi, kabla ya salamu, alimpelekea yule mama mkungu wa ndizi na kuuweka miguuni pake, na mambo yakaishia hapo.

Mapambo aliyapiga vita. Msichana akija na rangi ya mdomo, alimrudisha nyumbani akanawe. "Mungu haangaliake midomo," alisema, "anasikilizaka tu." Nilimwamini kabisa hadi siku aliponituma nyumbani kwake kumletea kitabu. Kilipofunguka mkononi mwangu, kati ya nyimbo za Noeli na nyimbo za mazishi kulikuwa na kioo kidogo, cha duara, kimefutwa kikang'aa. Nikakirudisha palepale. Sikumwambia mtu, na tangu siku hiyo nikampenda zaidi, kwa huruma ambayo mtoto hana jina la kuiita.

Hakupiga picha akicheka. Mahindi ya kuchoma hakuyang'ata, aliyapukuchua punje moja moja na kuzipeleka pembeni ya taya, akimaliza gunzi moja wakati sisi tumeshamaliza matatu. Jina la Mungu alilitaja mara chache kwa mtu wa kwaya. Chai alikunywa baridi, kwa sababu lile jino lililokufa lilikuwa na majirani hai.

Namna yalivyovunjika alinisimulia mara moja tu, nilipokuwa msichana mkubwa, tukiwa tunachambua maharage mlangoni kwake. Walikuwa wanamzika mke wake kijijini. Wanajeshi wakapita barabarani wakaamuru waombolezaji waliokuwa wakiimba wanyamaze. Watu wakanyamaza.

"Ilibakiaka mustari moja tu," aliniambia. "Mustari moja, mama. Nikaimalizia."

Wakamalizia na wao, kwa kitako cha bunduki. Binti yake wa miaka sita alikuwa ameshika suruali yake. Baadaye katika kukimbia wakapotezana: mtoto akaenda na shangazi upande wa ziwa, akaingia Tanzania, na yeye akaja huku. Ilichukua miaka mingi kujua kwamba mtoto yu hai, na alipojua, mtoto alikuwa ameshapelekwa na shangazi yake kwenye nchi moja ya mbali yenye baridi. Hapo ndipo mwalimu naye alipoandikisha dosie yake ya safari, lile faili la mkimbizi anayeomba kuhamishiwa nchi nyingine. Hakutaka Bulaya. Alitaka kumwona binti.

Akiona mtu mwenye bunduki alihamia upande wa pili wa barabara, hata awe askari wa kulinda stoo ya mahindi. Na bado kila Pasaka, kwa miaka kama minne, alikwenda Mbarara kufundisha kwaya ya wake wa wanajeshi ndani ya kambi ya jeshi. Mchungaji wao alimwomba, naye akakubali, na sijawahi kuelewa kwa nini. Alirudi kutoka huko amechoka na amekonda, na mwaka uliofuata akaenda tena. Aliniambia kwamba afande mmoja, mume wa mwimbaji, alimsimamisha getini.

"Mwalimu, bibi yangu sasa naimba muzuri sana. Lakini wewe, mbona nafunika mdomo kila saa? Nani alikupiga?"

"Batu."

"Batu gani?"

"Ba nguo kama yako."

Yule afande akavua kofia, akasimama nayo mkononi. "Pole sana, mzee," akasema. Mwalimu alinisimulia hili mara tatu au nne, na kila mara alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu asichojua akiweke wapi.

Binti alipokuwa mtu mzima, akaanza kupiga simu kila Jumapili na kuomba picha. Mwalimu alipeleka: amesimama na koti, amesimama na kwaya, amekaa kwenye kiti cha kuazima. Zote midomo imefungwa. Na kila Jumapili binti aliuliza: "Baba, juu ya nini haucheki? Umekasirika na mimi?" Hilo lilimuuma. Alikuja kuniambia akiwa amesimama, hakutaka kukaa. "Anafikiri nimemukasirikia. Juu alienda na shangazi yake." Binti alikumbuka mkono wa baba na sauti ya baba. Ile siku ya mazishi hakuikumbuka kabisa, na mwalimu hakuwa tayari kumkumbusha.

Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapata kazi Mbarara, kwenye kliniki ya meno iliyoko ghorofani. Nilikuwa nikikoroga plasta, nikiosha vyombo, na kutafsiri kwa Wakongomani na kwa wake wa wanajeshi. Daktari alikuwa Mnyankole, mpole, mwenye mikono midogo. Alikuwa amejifunza kubandika maganda ya kaure, kaure ileile ya vikombe vizuri vya chai, membamba kama ukucha, yanayogundishwa mbele ya jino lililovunjika au kubadilika rangi mpaka tabasamu linakuwa jipya. Wateja wake wa kazi hiyo walikuwa wachache, maharusi na watu wa maofisi. Mimi nilitazama wanavyoingia wameinamisha kichwa na wanavyotoka wakijitazama kwenye kila kioo cha dirisha, nikamfikiria mtu mmoja tu.

Mama yake daktari alipofariki, akazikwa kwao Ngarama, na mimi nikamwomba mwalimu alete kwaya. Walikuja wote, wakaimba tangu asubuhi hadi udongo ulipotulia, katika lugha ambayo wenye msiba hawakuijua, na daktari akalia wazi mbele za watu. Wiki iliyofuata akaniuliza amfanyie nini yule mzee. Nikajibu kabla hajamaliza kuuliza: "Mtengenezee meno."

Nakumbuka kila hatua. Kwanza nilimtoa alama ya meno kwa ule uji mzito wa rangi ya waridi, nikamwagia plasta, nikapata mfano wa meno yake jinsi yalivyokuwa, na mivunjo yake yote, nikaandika jina chini na kuuweka kwenye rafu. Kisha daktari akaleta ule mstari wa vijino vya mfano ili tuchague rangi. Yeye alishika kimoja chenye umanjano kidogo. "Hii iko sawa na umri yako, mzee," akasema. "Hapana taka watu washtuke." Mimi nikaingilia. Nikamwambia mwalimu achukue ile nyeupe ya mwisho. Amekaa gizani miaka mingi, nikasema, sasa ang'ae. Mwalimu akanitazama mimi, hakumtazama daktari, akasema: "Mama anajua."

Daktari akawasha mashine akayasugua yale meno manne ili maganda yapate pa kukaa. Mwalimu alishika mikono ya kiti na kuimba puani, wimbo mzima, sauti ya chini. Aliporudi baada ya wiki mbili na maganda yakabandikwa, nilimpa kioo. Alikitazama muda mrefu. Akafungua mdomo, akafunga, akafungua. Halafu akacheka, na mkono ukaanza kupanda kwa mazoea, ukafika kifuani, ukarudi chini. Nililia, sioni haya kusema.

Huo ulikuwa mwaka wake mzuri, nao ni mmoja tu. Alitupa kitabu chini akaongoza kwaya uso wazi. Alipiga picha studio ya Mbarara akicheka mpaka macho yamepotea, na Jumapili ile binti yake alilia kwenye simu. Kioo alikihamisha kutoka kitabuni akakitundika ukutani mbele ya kila mtu. Mahindi hata hivyo aliendelea kuyapukuchua punje moja moja, kwa sababu daktari alimkataza kung'ata kitu kigumu, na yule mama wa sauti ya pili akamwambia amepewa meno ya kutazama.

Kisha jina lake likatoka kwenye ubao. Aliitwa kwa mahojiano ya mwisho ya safari. Asiyekaa Nakivale hajui jambo hilo linavyoandaliwa. Majirani walimwazima koti na viatu. Kwaya ilifunga siku tatu. Waliowahi kuitwa walikuja kumfundisha: ukae wima, usijibu haraka, usilie sana, na ucheke kidogo, wazungu wanapenda mtu anayecheka. Wakamtazama wakafurahi. "Sasa uko na sura ya Bulaya kabisa," wakasema. Watu wote hao, wenye akili zao, waliokaa miaka kumi na tano wakizungumza kuhusu dosie asubuhi na jioni. Na mimi niliyefanya kazi kati ya meno. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kilichoandikwa mle ndani.

Alinisimulia yeye mwenyewe. Aliingia, akasalimia, akacheka kidogo kama alivyofundishwa. Yule mhojaji, mgeni ambaye hakuwahi kumwona, akasoma karatasi, akainua macho, akasoma tena.

"Hapa imeandikwa ulivunjwa meno manne ya mbele kwa bunduki," mkalimani akamwambia. "Anaomba kuona."

Akafungua mdomo wote, kama alivyotufundisha sisi kuufungua. Manne, meupe, sawasawa, hayana hata ufa. Akaeleza kliniki, daktari, kaure. Mkalimani hakuwa na neno la kaure, akasema meno ya duka. Mhojaji akaandika kitu. Akauliza upya jina la bibi yake mzaa mama. Akauliza rangi ya mlango wa nyumba ya zamani. Mambo ya kuuza na kununua dosie yalikuwepo, kila mtu alijua, kuna waliosafiri kwa jina la marehemu. Alitolewa nje akaambiwa asubiri, dosie yake itachunguzwa.

Nilipomsikiliza nilimwona tena mbele ya vile vijino vya mfano, akinitazama na kusema mama anajua.

Daktari aliandika barua, yenye mhuri. Mimi nikachukua ule mfano wa plasta kwenye rafu, nikaufunga kwa kitambaa, nikaupeleka kwenye ofisi ya wale wahojaji kwa mikono yangu. Askari wa getini aliufungua, akaruka nyuma.

"Hii nini, nyabo? Iko meno ya maiti?"

"Ya mtu aliye hai, afande. Ni ushahidi."

"Hapa tunapokea karatasi peke yake. Hii mambo ya mawe, rudisha."

Barua waliipokea. Mfano nikarudi nao Mbarara, nikauweka rafuni palepale. Miezi ikapita bila jibu. Huko Nakivale maneno yakaanza, kama yanavyoanza: kwamba mwalimu wa kweli alifia njiani zamani na huyu amelala juu ya jina lake. Wengine waliosema hivyo alikuwa amewafundisha kuimba. Kwaya ikapungua hadi watu tisa. Yule mama mwenye mdomo mwepesi alibaki, na alimtukana hadharani kila aliyeondoka.

Mara ya mwisho alikuja kliniki bila taarifa, saa saba mchana, daktari ameenda kula. Alikuwa amevaa lile koti la kuazima. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, mwenyewe, akakiegemea.

"Mama, munaweza kutoa?"

"Kutoa nini, Mwalimu?"

"Hizi mulibandika. Munitolee, munirudishie zangu. Nitaenda kule nibaonyeshe."

Nilijua siku moja atauliza, na sikuwa nimejiandaa. Nikavuta kibao nikakaa karibu naye. Nikamweleza kwamba siku ile, kabla ya kubandika, yale meno yalisuguliwa. Ile mivunjo ya bunduki ilisuguliwa pamoja nayo. Chini ya kaure sasa kuna vijiti vidogo laini, na yeyote atakayeviona ataona kazi ya mashine.

"Zile zangu haziko tena?"

"Haziko, Mwalimu. Tulizisugua."

"Zote?"

"Zote nne. Munisamehe. Ni mimi niliyesema mtengenezwe."

Alitazama dari. Kisha akauliza kama ule wa plasta bado upo. Nikamletea. Akaushika kwa mikono miwili, akapitisha kidole juu ya kila mvunjo, taratibu, jino kwa jino, hadi lile lililokufa, ambalo kwenye plasta lilikuwa jeupe kama mengine.

"Huyu ndiye baliita," akasema. "Huyu ndiye mwenye safari."

Binti yake alikuwa amejifungua mwezi ule. Mjukuu wa kiume. Kila Jumapili anauliza baba anakuja lini. "Ninamwambiaka niko njiani," akasema, akaufunga mfano kwa leso yake na kuutia mfukoni mwa koti. Sikumzuia. Ulikuwa wake.

Nikamsindikiza hadi kwenye gari la kwenda Nakivale. Kondakta kijana, anayemfahamu, akamwona kwa mbali akapaza sauti: "Mzee wa meno ya muzungu! Ingia, nafasi iko mbele!" Abiria wakacheka, bila ubaya. Mwalimu naye akacheka. Na nikauona mkono wa kulia ukipanda, ukapita kifuani bila kusimama, ukatua juu ya mdomo kama zamani, na kicheko kikabaki machoni na mabegani. Aliingia akakaa dirishani, mkono haujashuka. Nilitaka kumwita nimwambie aushushe. Nyuma ya kiganja kile kulikuwa na meno mazuri kuliko yote Nakivale, na rangi yake niliichagua mimi.